DHAMANA IKINYIMWA, NI NANI ALIPAYE?

Msafiri atokaye mjini Kisumu kwa barabara ya Busia, akiisha kuupita uwanja wa ndege, hachukui muda kufika Otonglo. Ni mahali pa kando ya barabara, kabla ya njia panda ya Kisian ambapo magari yaendayo Bondo huachana na yale yaendayo Maseno. Hapo pana vibanda, pana vijana wa bodaboda wakingojea abiria, na pana akina mama wenye kuuza mboga na samaki. Wazee wa Kijaluo walilitumia neno otonglo kuitaja sarafu ya senti 10, na kwa hiyo jina hilo lafaa sana kwa habari yetu ya juma hili, maana twataka kusema juu ya bei. Si bei ya samaki, bali bei ya kumweka mtu rumande.

Upande huo huo wa magharibi wa mji lipo gereza kuu la Kisumu, ambalo wenyeji hulijua zaidi kwa jina la Kodiaga. Upande wa pili, kule Kibos, yapo magereza mengine. Katika magereza ya Kenya huwamo watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wafungwa, yaani watu waliokwisha kuhukumiwa. Wa pili ni mahabusu, yaani watu wanaongojea kesi zao. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa takriban 4 katika kila watu 10 waliomo magerezani nchini. Baadhi yao wamo kwa sababu walikosa fedha au mdhamini. Wengine wamo kwa sababu hakimu aliwanyima dhamana kabisa, akiona kwamba wakitoka watawadhuru watu. Habari yetu ni juu ya hao wa mwisho, na hasa wale wasemwao kuwa hurudia makosa ya nguvu na damu mara kwa mara.

MFANO WA OTONGLO

Tuseme kwamba jioni moja mama mwenye kuuza omena hapo Otonglo amefunga kibanda chake, akampanda kijana wa bodaboda ampeleke nyumbani. Njiani wanazuiwa na mtu mwenye panga. Mama ananyang'anywa simu na fedha zote za mauzo, na kijana anakatwa mkono. Siku ya tatu polisi wanamkamata mtu ambaye wote wawili wasema kwamba wanamtambua kwa sura. Yasemekana mtu huyo alikwisha kufungwa zamani kwa kosa la kujeruhi, na kwamba baadaye alishtakiwa mara mbili nyingine, akaachiliwa. Mfano huu ni wa kutunga, wala haumhusu mtu fulani. Lakini hakuna jambo hata moja ndani yake lisilotokea.

Usiku ule ule mama anamwendea mzee wa kijiji.

“Jaduong',” asema, “mtu yule akirudi kwa dhamana, mimi kesho sifungui kibanda. Anapajua ninapolala, na watoto wangu anawajua.”

Mzee anyamaza kidogo, kisha ajibu: “Maneno yako ni ya haki, mama. Twende tukayaseme penyewe. Lakini na mimi nina swali. Akifungiwa, kesi itasikizwa lini?”

Swali la mzee ndilo kiini cha habari hii. Watu wengi, wakisikia kwamba mhalifu amenyimwa dhamana, hufurahi na kurudi majumbani kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi haijaanza. Kumnyima mtu dhamana si hukumu. Ni kununua muda tu, nao muda huo hununuliwa kwa mali ya watu wote. Ukitumiwa vizuri, watu hupata usalama na haki. Usipotumiwa, mali huisha, muda huisha, na mwenye panga hurudi Otonglo akiwa hana doa lolote jipya katika kitabu cha mahakama.

SHERIA YASEMAJE?

Yafaa tuanze na sheria, maana wako wanaodhani kwamba dhamana ni huruma ya hakimu, na wako wanaodhani kwamba ni biashara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, yasema kwamba aliyekamatwa hana budi kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, wala si zaidi ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama. Yasema pia kwamba ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kulazimisha asiachiliwe. Na Kifungu cha 50 chasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, na kwamba kesi yake ianze na kumalizika bila ya kucheleweshwa pasipo sababu.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani sheria ya mwenendo wa kesi za jinai iliufunga mlango wa dhamana kwa watu walioshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kwa uhaini, na kwa wizi wa mabavu. Mwaka 1985 Mahakama Kuu iliamua kwamba katazo hilo lilipingana na Katiba ya wakati ule. Bunge halikuirekebisha sheria ipatane na Katiba, bali mwaka 1987 liliibadilisha Katiba yenyewe, na mlango ukafungwa tena kwa makosa yote yenye adhabu ya kifo. Basi kwa zaidi ya miaka 20 mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu aliingia rumande bila ya kuulizwa kama ni mhalifu wa kurudia au ni kijana aliyekamatwa kwa kufananishwa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoyarudisha mamlaka mikononi mwa hakimu, ili ampime kila mtu kwa habari zake mwenyewe.

Apimeje? Mwaka 2014 kiliongezwa kifungu cha 123A katika sheria hiyo ya mwenendo wa kesi za jinai. Chataja mambo ya kuangaliwa: uzito wa kosa, tabia ya mshtakiwa, mambo yake ya nyuma, watu anaoandamana nao na mizizi yake mahali anapoishi, kama zamani alipopewa dhamana aliyatimiza masharti, na nguvu ya ushahidi uliopo. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuwalinda walioathiriwa na uhalifu, nayo yasema kwamba usalama wa aliyedhurika na wa jamaa zake ufikiriwe wakati wa kupanga masharti ya dhamana. Na mwaka 2015 Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki lilitoa mwongozo wa dhamana, ambao unaeleza pia kazi ya afisa wa probesheni, yaani kwenda kijijini kuuliza habari za mshtakiwa na za aliyedhurika, kisha kumwandikia hakimu.

Basi yule mama wa Otonglo hana haja ya kunong'ona. Sheria imempa nafasi ya kusikilizwa. Lakini kiongozi wa mashtaka hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema tu, “Huyu ni mtu mbaya, asitoke.” Yampasa alete sababu, na kwa kawaida huzileta kwa hati ya kiapo: aliwahi kufungwa lini, alimtishia nani, alitoroka dhamana ipi. Uvumi wa sokoni si ushahidi.

TUFANYE HESABU

Sasa tuseme hakimu ameridhika, na yule mtu amenyimwa dhamana. Sisi hatusemi kwamba amekosea. Kama mtu ameonyeshwa kwa ushahidi kuwa huwatishia mashahidi au hurudia kukata watu, kumwacha atembee sokoni si huruma bali ni uzembe. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kila kitu kina bei, na mwenye busara huiuliza kabla ya kununua.

Tuseme kesi yake imechukua miaka 2. Miaka 2 ni siku 730. Kwa milo 3 kwa siku, ni milo 2,190. Kwa muda wote huo yupo askari wa kumlinda mchana na usiku, ipo dawa akiugua, na ipo nafasi anayoilalia katika magereza ambayo tangu zamani yamejaa kupita kiasi. Tena sheria yasema kwamba mshtakiwa aliyeko gerezani asiahirishiwe kesi kwa zaidi ya siku 15 kamili kwa mara moja. Kwa hiyo kwa miaka 2 kesi yake yaweza kutajwa zaidi ya mara 40. Kila mara patahitajika gari, petroli na askari wa kumpeleka mahakamani na kumrudisha. Tangu mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, kesi nyingi zimetajwa kwa njia ya video, na hilo limepunguza safari. Lakini mashahidi wanaposikilizwa, safari mara nyingi zipo pale pale.

Hizo ni gharama zionekanazo. Zipo nyingine zisizoandikwa katika vitabu vya Serikali. Mahabusu hafanyi kazi kama mfungwa. Mfungwa aliyehukumiwa huweza kupelekwa katika karakana akajifunza useremala au kushona, lakini mahabusu hukaa tu, akingojea. Anakaa pamoja na watu wa kila namna, na kijana aliyeingia kwa kosa la kwanza hupata walimu asiowahitaji. Nyumbani mke hubaki na watoto, karo hukosekana, na mama mzee hupanda matatu kupeleka sabuni gerezani. Na ikiwa mwishoni yaonekana kwamba si yeye, bali alifananishwa tu, ni nani atakayemrudishia zile siku 730?

Na ikiwa kweli ni yeye? Hapo pia pana jambo la kufikiriwa. Sheria humtaka hakimu, anapotoa kifungo, auhesabu muda ambao mtu alikwisha kukaa rumande. Kwa hiyo mtu aliyekaa rumande miaka 2, akifungwa miaka 3, huenda akabakiza mwaka mmoja tu wa kufundishwa kazi na kurekebishwa tabia. Miaka yake mingine ililiwa na kungojea.

KESI HUCHAKAA KAMA NGUO

Lakini gharama iliyo kubwa kuliko zote ni hii: kesi haikai ikangoja kama jiwe. Huchakaa kama nguo. Kila mwezi upitao huvuta uzi mmoja.

Turudi katika mfano wetu. Mara ya kwanza kesi ilipopangwa kusikizwa, faili la polisi halikufika. Mara ya pili daktari aliyeijaza fomu ya P3, ile iandikwayo majeraha ya mtu, hakuwapo. Mara ya tatu mpelelezi alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine. Mara ya nne mama wa omena alitoa ushahidi wake vizuri, akatoka mahakamani akimshukuru Mungu. Kisha hakimu akahamishwa. Hakimu mpya alimweleza mshtakiwa, kama sheria inavyomtaka, kwamba ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Mshtakiwa akaomba, na mama akaitwa aanze upya kueleza jambo ambalo alikuwa amekwisha kuanza kulisahau kwa makusudi ili apate usingizi.

Mwaka wa pili yule kijana wa bodaboda amekwenda Nairobi kutafuta kazi, na namba yake ya simu haipatikani. Mama naye amechoka. Kila siku ya mahakama ni siku asiyouza, na nauli hutoka katika mtaji wa omena. Mara moja hakwenda. Mara ya pili hakwenda.

Sheria yafanya nini hapo? Kama mlalamikaji, hali amearifiwa siku na saa, hatokei, hakimu aweza kumwachilia mshtakiwa, isipokuwa ameona sababu ya kuahirisha tena. Au kiongozi wa mashtaka, akiona mikono yake ni mitupu, aweza kuiondoa kesi. Au mashahidi wachache waliopatikana husikilizwa, na hakimu huona kwamba hakuna kesi ya mshtakiwa kujibu. Kwa njia yoyote kati ya hizo tatu mlango hufunguka, na mtu hutoka. Wala hakimu hawezi kulaumiwa, maana yeye hahukumu kwa uvumi.

Sasa, msomaji, tazama lililotukia. Mtu aliyenyimwa dhamana kwa sababu ni hatari ameachiliwa moja kwa moja, bila ya mdhamini, bila ya kuripoti polisi, bila ya sharti lolote la kutomkaribia mama wa omena. Kama angalipewa dhamana siku ya kwanza, angalikuwa na masharti. Sasa hana hata moja. Na jambo lililo baya zaidi ni kwamba akikamatwa tena mwakani, na hakimu akauliza, “Rekodi yake ikoje?” kitabu kitaonyesha kifungo kile kimoja cha zamani tu. Mtaani ataitwa mhalifu sugu. Mahakamani atakuwa mtu aliyeshtakiwa mara tatu akaachiliwa mara tatu. Hivyo ndivyo mwenye kurudia makosa anavyotengenezwa: si kwa kupewa dhamana peke yake, wala kwa kunyimwa dhamana peke yake, bali kwa kesi zisizofika mwisho.

Watu wa Otonglo wamelipa mara mbili. Wamelipa kodi ya milo 2,190, na bado mama hafungui kibanda jioni. Na hapo ndipo vijana huanza kusema, “Kwa nini tuwape polisi? Tummalize wenyewe.” Maneno hayo twayasikia mara nyingi mno, na mara nyingi mno yamekwisha kwa mtu kupigwa mawe na kuchomwa kando ya barabara, naye pengine si yeye. Kumwua mtu kwa namna hiyo ni kosa la jinai kama kuua kwingine. Kundi halina fomu ya P3, halina shahidi wa kuhojiwa, wala halina rufani.

MAJIRANI ZETU WAMEFANYAJE?

Jambo hili si la Kenya peke yake. Ng'ambo ya Ziwa, nchini Tanzania, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985, katika kifungu cha 148, iliorodhesha watu wasiopewa dhamana. Miongoni mwao alikuwamo aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka 3, na aliyewahi kupewa dhamana akaivunja, na aliyeshtakiwa kwa shambulio kubwa au kwa kutishia kwa nguvu. Kesi juu ya fungu hilo la mwisho ilianzia Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, ikafika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1991 Mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ililitangua fungu hilo. Sababu yake yafaa kukumbukwa: wavu wake ulikuwa mpana mno, ukawanasa hata watu ambao hakuna awezaye kusema kwamba ni hatari, wala haukuweka utaratibu wa kuwachambua. Baadaye, Mei 2020, Mahakama Kuu ilikitangua pia kijifungu kizima chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama vile kuua na unyang'anyi wa kutumia silaha. Lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliugeuza uamuzi huo, na orodha ikabaki.

Uganda walifuata njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 1995, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, iliweka siku. Aliyekaa rumande siku 60 bila ya kesi yake kuanza, kwa kosa liwezalo kusikizwa na mahakama ndogo pia, aachiliwe kwa masharti ya kadiri. Kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake, siku ni 180 kabla ya kesi kupelekwa huko. Ni kanuni njema, lakini ina ufa: kesi ikiisha kupelekwa Mahakama Kuu, hesabu ya siku hukoma, na mtu huweza kungoja tena miaka. Mwaka 2021 Rais Museveni alitaka dhamana iondolewe kwa watu walioshtakiwa kwa makosa kama ya kuua, akisema kwamba wananchi huudhika wakimwona mshtakiwa akitembea, na mawakili wengi wakampinga. Tunaelewa hasira ya wananchi. Lakini twauliza tena swali la mzee wa Otonglo: akifungiwa, kesi itasikizwa lini?

Hata katika nchi tajiri hesabu ni ile ile. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa Marekani, Will Dobbie, Jacob Goldin na Crystal Yang, walichapisha uchunguzi wao juu ya washtakiwa wa Philadelphia na Miami. Waliona kwamba waliowekwa ndani kabla ya hukumu walihukumiwa zaidi, hasa kwa sababu walikiri makosa. Baadaye walipata kazi kwa shida zaidi. Na juu ya uhalifu, walipokuwa ndani ulipungua, kama inavyotazamiwa. Lakini baada ya kutoka uliongezeka, na mambo hayo mawili yakakaribia kulingana. Maana yake ni kwamba ukuta wa gereza huzuia madhara kwa muda, lakini hauyaondoi. Kinachoyaondoa ni kazi inayofanywa ndani ya muda huo.

BASI IFANYWE NINI?

Kwanza, mlango wa dhamana usiwe na hali mbili tu, wazi kabisa au kufungwa kabisa. Hakimu aweza kumwachilia mtu kwa masharti: aripoti polisi kila juma, asikanyage soko fulani, asiwasiliane na shahidi yeyote, awe na wadhamini wanaomjua kweli, wala si wa kukodiwa mlangoni pa mahakama. Akilivunja sharti, dhamana hufutwa. Kwa watu wengi hilo latosha, na nafasi ya gerezani hubaki kwa wale wachache ambao kweli hapana njia nyingine.

Pili, kwa hao wachache, kesi zao zitangulizwe. Mtu akinyimwa dhamana kwa sababu ni hatari, siku hiyo hiyo ipangwe tarehe ya kuanza kusikiliza, na mashahidi wasikilizwe mfululizo, siku baada ya siku, kabla ya hakimu, mpelelezi au daktari kuhamishwa. Upande wa mashtaka uliosema, “Huyu asitoke,” ndio unaopaswa kuwa wa kwanza kuwa tayari. Na kama hauko tayari mara ya pili na ya tatu, ni haki mshtakiwa kuomba jambo la dhamana litazamwe upya, na kama hakuridhika, kuliendea Mahakama Kuu. Tukatae uvivu unaojificha nyuma ya mlango wa gereza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na ni kweli. Lakini wao wao walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tatu, ziko Kamati za Watumiaji wa Mahakama, ambazo hukutanisha mahakimu, polisi, viongozi wa mashtaka, magereza, maafisa wa probesheni na wananchi. Hapo ndipo mahali pa kuuliza, kwa heshima lakini kwa sauti: ni mahabusu wangapi walionyimwa dhamana kwa sababu ya hatari, na kila mmoja wao amengoja siku ngapi? Swali hilo likiulizwa kila mkutano, faili hazitapotea kwa urahisi.

Nne, na hili latuhusu sisi sote, shahidi ndiye nguzo ya nyumba. Afisa wa probesheni akija kijijini kuuliza, tumwambie kweli, wala tusimsifu mtu kwa sababu ni wa ukoo wetu, wala tusimsingizie kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Jirani akiitwa mahakamani, tumsaidie: mmoja amwangalizie kibanda, mwingine amchangie nauli, wa tatu afuatane naye. Wenye vikundi vya kuweka akiba wangeweza kutenga fedha kidogo kwa kazi hiyo. Shahidi akitishiwa, aripoti mara moja, maana tangu mwaka 2006 iko sheria ya kuwalinda mashahidi.

Mzee wetu wa Otonglo alilifahamu jambo hilo. Katika mfano wetu twaweza kumpa mwisho mwema. Alimsindikiza mama kwa afisa wa probesheni, akaeleza aliyoyaona kwa macho na akakataa kueleza aliyoyasikia. Mtu yule akanyimwa dhamana. Ndipo mzee akaandika tarehe ya kesi kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda cha omena. Kila tarehe ilipofika, watu watatu wa soko walikwenda na mama mahakamani wakakaa nyuma, kimya. Hawakwenda kumtisha mtu. Walikwenda ili kijana wa bodaboda asisahau kurudi kutoka Nairobi, na ili kila mwenye kuomba kuahirisha aone kwamba wako wanaohesabu siku.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rumande ni kipande cha mbao kilichowekwa juu ya ufa kwa usiku mmoja ili mvua isiingie. Anayekiweka na kulala, akasahau udongo na maji ya kuzibia, asishangae siku ukuta ukianguka. Bali mwenye kuamka asubuhi na kuziba, huyo huirudisha mbao mahali pake, na senti yake haikupotea bure.